Nyerere: Shahada nyingi za heshima, deni moja la elimu

HAYATI Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alitunukiwa shahada za heshima na vyuo vikuu vya Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Afrika, kiasi kwamba angetaka angeweza kuandika udaktari mbele ya jina lake na hakuna ambaye angemhoji. Hata hivyo, hadi anafariki dunia Oktoba 14, 1999, wananchi wake walimfahamu kwa cheo kimoja alichokipata kwa kusimama mbele ya ubao, nacho ni Mwalimu.

Magazeti ya nje katika miaka ya 1960 yalipenda kumwandika Dk. Nyerere. Nyumbani jina hilo halikushika. Mwenyewe hakulidai, na waliomzunguka hawakuona sababu ya kumwongezea heshima mtu ambaye tayari alikuwa na jina lililomtosha.

Jambo hilo si dogo katika nchi ambayo siku hizi mjadala kuhusu shahada za heshima hauishi, na ambayo wapo wanaozitafuta kama watu wanavyotafuta kiti cha mbele katika sherehe. Maisha ya Nyerere yanaonyesha namna nyingine ya kuipokea heshima hiyo, yaani kuichukua kama deni, na si kama pambo.

Deni hilo alijaribu kulilipa mbali na kumbi za vyuo vikuu. Mojawapo ya sehemu ambazo jaribio hilo linaweza kupimwa vizuri ni Milima ya Upare na mji mdogo wa Same ulio chini yake, mkoani Kilimanjaro. Wilaya ya Pare, ambayo makao yake makuu yalikuwa Same, ilikuwa miongoni mwa wilaya chache alizozichagua ili ziongoze nchi katika kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Ni huko huko pia ambako sera yake nyingine ya elimu, iliyobuniwa kwa nia ya usawa, iliwagusa wazazi mahali penye uchungu.

Nyerere alizaliwa Aprili 13, 1922 katika kijiji cha Butiama, karibu na Ziwa Victoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, na mama yake, Mgaya Nyang'ombe, alikuwa mmoja wa wake wengi wa chifu huyo. Kuzaliwa nyumbani kwa chifu hakukumwepusha na kazi za mtoto wa kijijini. Alichunga mifugo kama wenzake, na alifika umri wa miaka 12 akiwa hajawahi kuketi darasani.

Mwaka 1934 alipelekwa Shule ya Mwisenge, Musoma, umbali wa zaidi ya kilometa 40 kutoka nyumbani. Walimu walitambua mapema kuwa mtoto huyo alikuwa na akili ya pekee, na kutoka hapo alikwenda Shule ya Serikali ya Tabora, ambayo wakati huo ndiyo ilikuwa kilele cha elimu kwa kijana Mwafrika wa Tanganyika.

Mwaka 1943 aliingia Chuo cha Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Akiwa huko aliandika insha kuhusu hali ya wanawake katika jamii yake, akitumia mawazo ya mwanafalsafa wa Uingereza, John Stuart Mill, kuyapima maisha ya mama zake wa Kizanaki. Kwa kijana wa zama zile, hiyo ilikuwa hatua ya ujasiri, kwani alikichukua kitabu cha wageni akakigeuza kuwa taa ya kumulikia nyumbani kwao. Desemba mwaka huo alibatizwa na kupewa jina la Julius.

Wakati Nyerere akiwa Makerere, mji wa Same ulikuwa na somo lake. Januari 1945 maelfu ya wanaume kutoka milimani waliteremka hadi kwenye makao makuu ya wilaya kupinga kodi mpya iliyokuwa ikitozwa kwa kukadiria mali na mapato ya kila mtu. Kodi hiyo ilijulikana kwa jina la mbiru. Waandamanaji walipiga kambi Same kwa muda mrefu, wakilala nje, huku wake zao wakibaki kulima na kuwapelekea chakula. Baadaye wanawake nao waliandamana.

Wapare hawakukataa kulipa kodi. Walikuwa tayari hata kulipa kiwango kikubwa zaidi, mradi kiwe sawa kwa wote. Walichokataa ni kukadiriwa, yaani mtu mwingine kuja na daftari akahesabu ng'ombe na migomba ya jirani yake na kuandika kiasi ambacho mwenye mali hakuwa na njia ya kukihakiki. Hatimaye serikali ya kikoloni iliachana na utaratibu huo.

Mgogoro huo ulitokea katika eneo ambalo tayari lilikuwa limeonja elimu ya darasani. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walianza kazi Upare mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1903 Waadventista wa Sabato walifungua Giti, Upare Kusini, kituo chao cha kwanza katika nchi hii. Baadaye Wakatoliki nao walijenga. Kila kituo kilikuwa na shule, na kila shule iliwafundisha wazazi kwamba anayeshika kalamu ndiye anayeandika hesabu. Mbiru ilililipia somo hilo kwa jasho.

Nyerere alirudi kutoka Makerere na kufundisha Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Mwaka 1949 alipata nafasi ya masomo Uingereza katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akiwa miongoni mwa Watanganyika wa kwanza kabisa kusoma chuo kikuu nchini humo. Alisoma uchumi, historia na falsafa, akahitimu Shahada ya Uzamili ya Sanaa mwaka 1952. Shahada hiyo aliitolea jasho mwenyewe, kwa vitabu na mitihani, katika baridi ya Uskochi.

Aliporejea alioa, mwaka 1953, bibi Maria Gabriel Waningu, na kuanza kufundisha Shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Mwaka huo huo alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, na Julai 7, 1954 chama hicho kiligeuzwa kuwa TANU.

Siasa na ubao havikukaa pamoja kwa muda mrefu. Mwaka 1955, baada ya kurudi kutoka Umoja wa Mataifa, New York, alikokwenda kudai uhuru wa nchi yake, Nyerere aliacha kazi ya ualimu Pugu. Aliacha mshahara wa uhakika wakati akiwa na familia changa. Alichobaki nacho ni jina la kazi aliyoiacha, na jina hilo lilimfuata hadi kaburini.

Uhuru ulipatikana Desemba 9, 1961, na Nyerere akawa Waziri Mkuu. Siku 44 baadaye, Januari 22, 1962, aliwashangaza wengi kwa kujiuzulu ili akakijenge chama vijijini, akimwachia wadhifa huo Rashidi Kawawa.

Ni katika mwaka huo huo wa 1962 ambapo Chuo Kikuu cha Edinburgh kilimtunuku shahada ya heshima ya Udaktari wa Sheria. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu ahitimu hapo akiwa mwanafunzi asiyejulikana.

Shahada ya heshima ina ajabu yake. Anayeipokea hakuhudhuria darasa wala hakufanya mtihani. Chuo ndicho kinachotamka kwamba kazi aliyoifanya mtu huyo nje ya kuta zake ina uzito sawa na usomi. Kwa sababu hiyo swali la kwanza kwa kila anayeitunukiwa ni kazi gani hiyo, na nani aliyeifanya pamoja naye. Kwa Nyerere jibu lilikuwa wazi: uhuru wa Tanganyika haukuwa insha ya mtu mmoja.

Nchi aliyokuwa ameipigania haikuwa na wasomi wa kutosha hata kuendesha ofisi zake. Mwenyewe alipenda kukumbusha kwamba Waingereza waliondoka wakiacha asilimia 85 ya watu wazima hawajui kusoma na kuandika, wahandisi wawili na madaktari 12. Chuo kikuu cha kwanza nchini kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiozidi 14, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Chama cha wakulima na wafanyakazi ndicho kilichokipangisha chuo.

Mwaka 1963 chuo hicho kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi, na Nyerere akawa Mkuu wa Chuo. Mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposimama peke yake Mlimani, aliendelea na wadhifa huo hadi alipostaafu urais. Hivyo kwa miaka mingi mtu huyo huyo aliyekuwa akitunukiwa shahada ugenini ndiye aliyewatunuku vijana wa nyumbani, na alijua kwa hesabu kamili gharama ya kila kofia na kila joho.

Ndiyo maana mgongano wake na wanafunzi wa chuo Oktoba 22, 1966 ulikuwa mkali. Siku hiyo wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa kwa masharti ambayo yangewapunguzia sehemu kubwa ya mshahara kwa muda. Bango mojawapo lilidai kwamba wakati wa ukoloni mambo yalikuwa afadhali. Nyerere aliwasikiliza, kisha akawafukuza chuo karibu wanafunzi 400 na kuamuru warudishwe makwao.

Lakini hakuishia hapo. Alikubali kwamba mishahara ya wakubwa serikalini, na wake mwenyewe ukiwamo, ilikuwa mikubwa mno kwa nchi maskini, akatangaza papo hapo kukata mshahara wake kwa asilimia 20. Wanafunzi wengi walirudishwa chuoni mwaka uliofuata. Wapo walioona adhabu ile ilizidi kosa, na hoja yao ina uzito, kwani chuo kikuu ambacho wanafunzi hawawezi kuandamana hupungukiwa kitu. Hata hivyo hakuna aliyeweza kusema kwamba Rais aliwatwisha wengine mzigo ambao yeye mwenyewe hakuugusa.

Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, na Machi mwaka huo kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea. Ndani yake Nyerere alishambulia elimu iliyomtenga mtoto na jembe la wazazi wake na kumfundisha kwamba thamani ya shule ni kuikimbia shamba. Alitaka shule ya msingi iwe elimu kamili kwa wengi ambao wasingeendelea, isiwe chujio tu la kuwapata wachache wa kwenda sekondari.

Shahada za heshima ziliendelea kumjia. Februari 1968 alikuwa Monrovia, katika Chuo Kikuu cha Liberia, na Oktoba 1969 alikuwa Toronto, Kanada. Mgeni wa namna hiyo kwa kawaida hutoa shukrani na kusifu wenyeji. Nyerere alizitumia nafasi hizo kuzungumzia madeni. Alifundisha mara kwa mara kwamba msomi katika nchi maskini ni kama mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda kuleta kingine kutoka mbali. Asiporudi, au akirudi mikono mitupu, huyo amewaibia waliolala njaa kwa ajili yake.

Mfano huo ulihitaji kutafsiriwa kwa vitendo, na hapo ndipo Upare unapoingia tena. Katika hotuba ya mkesha wa mwaka mpya Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi haiwezi kungoja watoto wakue ndipo iendelee. Mwaka mmoja baadaye alipunguza maneno na kuongeza shabaha. Alizitaja sehemu sita ambazo ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ulitakiwa kufutwa kabisa ifikapo mwisho wa 1971, nazo ni Mafia, Ukerewe, Masasi, Kilimanjaro, Pare na Dar es Salaam.

Kwa Wapare, agizo hilo lilimaanisha kwamba jioni, baada ya shamba na mifugo, watu wenye wajukuu walianza kuketi kwenye madawati ya watoto. Walimu wa shule za msingi, watumishi wa serikali na watu wa kujitolea waliokwisha kujua kusoma waligawana madarasa. Mafunzo yalifungwa kwenye kazi, katika mpango ulioitwa kisomo chenye manufaa. Mtu alijifunza herufi kwa kusoma habari za mazao, mifugo na afya.

Kwa wengi wao kulikuwa na kikwazo kingine. Lugha ya nyumbani milimani ni Chasu, na Kiswahili kwa baadhi ya wazee, hasa wanawake, kilikuwa lugha ya sokoni na ofisini. Kisomo kikawa darasa la mambo mawili kwa pamoja, kusoma na kuimudu lugha ya taifa. Mtu aliyeshuka Same kulipa kodi au kupokea barua ya mwanawe aliye mjini sasa aliweza kujua kilichoandikwa bila kumwomba karani amsomee siri yake.

Uzoefu wa sehemu hizo sita uliipa serikali ujasiri wa kuipeleka kampeni nchi nzima. Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo, na ikaonekana kwamba wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wamepungua hadi asilimia 39 hivi. Kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali ziliwaweka chini ya asilimia kumi.

Hapo pana ulinganisho ambao hauwezi kupuuzwa. Rais alipokea ugenini shahada zisizo na mtihani, mbele ya maprofesa wenye majoho. Bibi wa Upare alifanya mtihani wa kweli, kwa penseli, bila joho wala tarumbeta. Kwa kipimo cha Nyerere mwenyewe, kama heshima ile ya ugenini ilikuwa na maana yoyote, maana hiyo ilikuwa katika karatasi ya bibi huyo.

Baada ya watu wazima ilikuja zamu ya watoto. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973, na Novemba 1974 mkutano wa TANU uliofanyika Musoma uliamua kwamba kila mtoto wa umri wa shule awe ameingia darasani ifikapo Novemba 1977. Wanafunzi wa shule za msingi walivuka milioni 3 ifikapo mwaka 1980. Walimu hawakutosha, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini. Watu wa mjini, ambao hawakosi utani, waliitafsiri UPE, kifupi cha jina la Kiingereza la mpango huo, kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Utani huo ulikuwa na ukweli wake, kwani idadi ilipanda haraka kuliko ubora.

Mkutano huo wa Musoma uligusa pia chuo kikuu. Kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuruhusiwa tena kwenda moja kwa moja Mlimani. Alitakiwa kwanza kufanya kazi na kupendekezwa na wenzake wa kazini. Nia ilikuwa ni ile ile, shahada isiwe njia ya kumkimbia mkulima.

Upande wa sekondari ndio ulioleta mgogoro mkubwa zaidi kwa watu wa Same. Serikali haikuwa na fedha za kujenga sekondari za kutosha, na ilitaka zilizokuwapo zifundishe mafundi na maofisa kwa kiasi ambacho nchi ingeweza kuwaajiri. Nafasi zikawa chache mno. Ili zisimezwe na mikoa iliyotangulia, kila mkoa na kila wilaya vilipangiwa mgawo.

Kwa taifa, hesabu hiyo ilikuwa ya haki. Mikoa ambayo wakoloni na wamisionari waliisahau isingeweza kamwe kuwafikia Wachaga, Wapare na Wahaya kama ushindani ungeachwa huru. Lakini kwa mzazi wa Mbaga, Chome au Gonja hesabu ilisomeka vingine. Mtoto wake aliyefaulu vizuri aliweza kuachwa, huku wa wilaya nyingine mwenye alama pungufu akichaguliwa. Mlima uliotii agizo la 1971 na kusoma hadi wazee ulijiona unaadhibiwa kwa kusoma.

Haikuwa rahisi kumjibu mzazi huyo, na Nyerere hakujidai kwamba ilikuwa rahisi. Msimamo wake ulibaki kwamba taifa haliwezi kuwa na watoto wa kwanza na watoto wa kambo. Mzazi naye alibaki na msimamo wake kwamba mtoto ana maisha mamoja tu.

Wapare hawakuteremka tena Same kupiga kambi kama walivyofanya mwaka 1945. Safari hii walibeba mawe na matofali. Katika mkoa mzima wa Kilimanjaro, kupitia makanisa, Jumuiya ya Wazazi na michango ya vijiji, wananchi walijenga sekondari zao wenyewe. Fedha zilitoka kwenye kahawa, kwenye mishahara ya watoto waliokuwa mijini na kwenye mifuko ya wazee ambao hawakuwahi kuvuka darasa la nne. Mwishoni mwa miaka ya 1980 sekondari zisizo za serikali zilikuwa nyingi kuliko za serikali katika Tanzania, na Kilimanjaro ilikuwa mbele.

Hali hiyo ilikuwa na kinaya. Kwa upande mmoja shule hizo ziliitoboa sera ya mgawo, kwani mwenye uwezo wa kuchangia aliweza kununua alichonyimwa. Kwa upande mwingine zilikuwa ndizo kujitegemea kwenyewe, wananchi wakijenga kwa mikono yao bila kungoja serikali. Nyerere aliyetaka usawa alishindwa pale pale ambapo Nyerere aliyetaka kujitegemea alishinda.

Milima hiyo iliurudishia ubao wa Nyerere mchango wake pia. Mmoja wa wana wa Upare, hayati Profesa Isaria Kimambo, alihitimu udaktari wa falsafa katika historia nchini Marekani, akarudi kufundisha Mlimani na kuongoza idara ya historia. Mwaka 1969 alichapisha kitabu cha historia ya kisiasa ya Wapare, na baadaye akaiandika habari ya mbiru. Maandamano ya watu waliokadiriwa kwa daftari la mtu mwingine yaliingia vitabuni kwa kalamu ya mtoto wao. Kimambo, aliyefariki mwaka 2018, ni mfano wa msomi aliyerudi kijijini na chakula.

Nyerere mwenyewe hakuacha kusoma wala kufundisha akiwa Ikulu. Alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari iliyotoka mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi iliyotoka mwaka 1969. Kazi hiyo haikumwongezea kura wala mshahara. Alitaka kuonyesha kwamba Kiswahili, lugha ambayo wazee wa Upare na Ukerewe walikuwa wakijifunza kuiandika, kinaweza kubeba mzigo wowote wa fikra.

Alistaafu urais Novemba 1985 na kurudi Butiama kulima. Nchi aliyoiacha ilikuwa imechoka kiuchumi, na yeye hakukana kuwa makosa yalifanyika. Vijiji vya ujamaa na utaifishaji vilikuwa na majeraha yake. Lakini alipoulizwa kuhusu yaliyofanikiwa hakusita kutaja elimu, na kilichomuumiza katika miaka ya 1990 ni kuona ada na michango vikirudi shuleni na watoto wa maskini wakitoka darasani.

Alifariki katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas, London, akiugua saratani ya damu, na kuzikwa Butiama Oktoba 23, 1999.

Hakuishi kuona ada ya shule za msingi ikifutwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, wala shule za kata zikijengwa nchini kote miaka michache baadaye, Same ikiwamo. Hakuona pia elimu bila ada ikifikishwa kidato cha nne mwaka 2016 na kidato cha sita mwaka 2022. Mgogoro wa zamani kati ya idadi na ubora umerudi pamoja na mafanikio hayo, na mzazi wa mlimani bado anauliza swali lile lile kuhusu mtoto wake mmoja.

Vyuo vikuu navyo vinaendelea kutunuku shahada za heshima, na hakuna ubaya katika kumheshimu anayestahili. Mfano wa Nyerere hauwakatazi watu kuzipokea. Unawataka wanaozipokea wawe tayari kutaja waliowalipia karo, na wawe tayari kuulizwa wamerudisha nini. Kwa wapiga kambi wa Same, wanafunzi wazee wa mwaka 1971 na wazazi waliojenga sekondari kwa fedha za kahawa, deni hilo halijafutwa kwa kuwa mdaiwa amevaa joho.